Breki ziligoma mlimani, kwa fundi zikapona: usikimbilie kumwita dereva mwongo

Katika familia nyingi za Mbeya na Iringa zinazoishi kwa gari moja la kazi, kuna ugomvi unaojirudia. Dereva anarudi jioni na hesabu pungufu. Anaeleza kwamba akiwa kwenye mteremko na mzigo, pedali ya breki ililegea ghafla ikaenda mpaka chini. Alilizuia gari kwa gia na hendibreki, akaegesha pembeni karibu saa nzima.

Mwenye gari anamwita fundi. Fundi anakanyaga pedali, ngumu kama kawaida. Anachungulia magurudumu, hakuna palipovuja. Analijaribu gari barabarani, linasimama vizuri. Basi inaonekana dereva ana mambo yake. Huyo saa nzima alikuwa kwenye shughuli zake binafsi, sasa anasingizia breki.

Kabla hujabadilisha dereva, msomaji, jua kwamba huenda amesema kweli tupu. Ipo hitilafu ya breki inayotokea gari likiwa limepata joto kali na kutoweka likipoa, bila kuacha alama ambayo fundi ataiona kwa macho. Chanzo chake ni mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu mpaka yakanywa maji. Na dereva mpya utakayempa gari hilo atashuka nalo mlima uleule, na mafuta yaleyale.

Milima yetu na joto la breki

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya kupanda na kushuka. Nyanya za Ilula zikienda Dar es Salaam lazima zishuke Kitonga. Viazi vya Matamba vinashuka Chimala kwa barabara yenye kona zaidi ya 50. Ndizi na viazi vya Rungwe vikielekea Kyela vinatoka Tukuyu kwenye baridi na kushuka kama mita 1,000 hivi mpaka kwenye joto la Ziwa Nyasa. Hata daladala za Iringa mjini hazina nafuu, kwani kutoka mjini kwenda Ipogolo ni mteremko, na safari hiyo hufanyika mara nyingi kwa siku.

Kila gari linaposhuka likishikwa na breki, uzito wake unageuka kuwa joto. Chukua Haisi yenye uzito wa tani mbili na nusu pamoja na mzigo. Ikishuka mita 300 za wima huku breki peke yake ikifanya kazi yote, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha debe zima la maji ya baridi. Joto hilo lote linaingia kwenye vyuma vichache vya breki ndani ya magurudumu. Sehemu yake inapenya mpaka kwenye mafuta yaliyo nyuma ya pedi.

Mkoa wa Mbeya umeshaona gharama ya breki zinazokataa mteremkoni. Julai 2018 kwenye mteremko wa Iwambi, na Juni 2024 eneo la Mbembela jijini Mbeya, malori yaliyoripotiwa kushindwa breki yaligonga magari mengine na watu wengi wakapoteza maisha. Ni kweli kwamba malori makubwa hutumia breki za upepo, si za mafuta, kwa hiyo ugonjwa wake si uleule. Lakini mlima ni uleule na joto ni lilelile, na Haisi, Noah au kirikuu cha familia kinapita barabara hiyohiyo.

Mafuta yanavyokunywa maji

Ukikanyaga pedali, mguu wako hausukumi chuma mpaka gurudumuni. Unasukuma mafuta. Masta silinda inayabana, nayo yanapita kwenye vibomba na mipira mpaka kila gurudumu na kuzisukuma pedi zishike. Mpango huu unafanya kazi kwa sababu kimiminika hakibonyei. Ukikisukuma huku, kinasukuma kule.

Upepo na mvuke ni tofauti, vinabonyea. Yeyote aliyewahi kuziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole na kusukuma anajua. Mafuta ya breki yakichemka, ndani yake yanatokea mapovu ya mvuke. Dereva anakanyaga, pedali inazama, na nguvu yote ya mguu inaishia kubonyeza mapovu badala ya kusukuma pedi. Gari likipumzika, mafuta yanapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedali inakuwa ngumu tena. Hapo ndipo fundi anapofika na kukuta gari zima.

Mafuta mapya hayachemki kirahisi. Yale ya daraja la DOT 3, ambayo magari mengi ya hapa hutumia, yakiwa mapya kabisa yanatakiwa yastahimili mpaka nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Tatizo ni asili yake. Mafuta haya huvuta unyevu kutoka hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa mvua. Unyevu unapenya taratibu kupitia mipira ya breki na tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha kitangi, hata kama gari halivuji popote.

Maji yakifika asilimia 3.7, kiwango kinachotumika kupima mafuta yaliyochakaa, DOT 3 inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Asilimia hiyo ni kidogo mno. Katika lita moja ya mafuta ni kama vijiko saba vya chai vya maji. Hivyo vijiko saba ndivyo vinavyoondoa nyuzi 65 za usalama wako.

Kuna jambo jingine ambalo mama yeyote wa Mbeya analijua jikoni. Maharage huchukua muda mrefu kuiva hapa kuliko Dar es Salaam, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Mafuta ya breki nayo huchemka mapema kidogo tukiwa huku juu. Ongeza mvua za Rungwe, moja ya wilaya zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na utaona kwa nini mafuta yanayovumiliwa kwingine hayatufai sisi.

Kuongeza si kubadilisha

Ukiuliza gereji nyingi kuhusu mafuta ya breki utajibiwa, "Tuliongeza juzi." Jibu hilo halitoshi. Kuongeza mafuta mapya juu ya yale yaliyokunywa maji ni kama kumimina maziwa mapya kwenye yaliyoanza kuchacha. Mafuta yaliyo hatarini zaidi yako chini kabisa, karibu na magurudumu kwenye joto, na huwa hayapandi kwenye kitangi ili mapya yashuke.

Tena, kitangi kikipungua taratibu, mara nyingi sababu ni pedi zinazolika. Pedi zikiisha unene, mafuta hushuka kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo kabla ya kuongeza, mwambie fundi akague pedi na lainingi. Kikipungua haraka, ndani ya siku au wiki chache, hapo kuna mvujo, na gari lisiende safari mpaka upatikane. Tazama upande wa ndani wa matairi na sakafuni chini ya pedali. Ukiona majimaji yanayoteleza, usisubiri.

Rangi nayo inadanganya. Mafuta mapya huwa meupe au ya manjano hafifu, na yakizeeka yanakuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Yakiwa meusi, badilisha bila kujadili. Lakini yakiwa bado yana rangi nzuri usijidanganye kuwa hayana maji, kwa sababu maji hayabadilishi rangi. Zipo kalamu ndogo za umeme za kupimia unyevu wa mafuta ya breki, na gereji yenye kifaa hicho itakupa dokezo zuri. Pasipo na kifaa, tumia kalenda.

Ushauri wa kawaida kwa gari dogo ni kubadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili. Kwa gari linalobeba mzigo na kushuka milima kila siku, mwaka mmoja ni tahadhari inayostahili. Wakati mzuri kwetu ni Mei au Juni, mvua zikiwa zimekatika na kazi ya kusomba mavuno ikianza. Gari zima huhitaji kama lita moja tu. Gharama yake haifiki mbali ukilinganisha na tairi moja.

Ununue yapi

Usianze dukani. Fungua boneti na usome kifuniko cha kitangi cha mafuta ya breki. Magari mengi ya kazi ya Kijapani, Toyota HiAce likiwamo, yameandikwa DOT 3. Chupa iliyotoka Japani inaweza kuandikwa BF-3, na hiyo ni ya daraja hilohilo. BF-4 ni sawa na DOT 4.

Kama kifuniko kinasema DOT 3, unaweza kuweka DOT 4. Hii inatakiwa istahimili nyuzi 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imekunywa maji. Kwa gari la milimani ni nyongeza yenye maana, mradi yale ya zamani yatolewe yote. Ukiyachanganya hayataharibu breki, ila faida uliyolipia itapungua. Kifuniko kikisema DOT 4, usirudi chini kwenye DOT 3.

Kuwa makini na namba 5. DOT 5.1 ni ya jamii moja na hizo mbili na inachanganyika nazo. DOT 5 yenyewe ni ya silikoni, kitu kingine kabisa, na haitakiwi kuingia kwenye gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Muuza spea asikwambie kwamba namba kubwa ndiyo bora.

Nunua chupa ambayo lakiri yake haijafunguliwa. Usikubali kupimiwa kutoka kwenye dumu au chupa iliyo wazi rafuni, kwa sababu mafuta hayo yameanza kunywa maji hata kabla hujayalipia. Vilevile, yaliyobaki baada ya kazi usiyatunze kwa ajili ya mwakani.

Na kamwe usiruhusu oili ya injini, oili ya gia, oili ya stelingi au dizeli iingie kwenye kitangi hicho, hata kwa dharura ya kufika nyumbani. Mafuta ya jamii hiyo huvimbisha raba za breki, na mfumo mzima unaweza kuhitaji raba mpya. Wapo wanaoongeza maji ya sabuni wakiwa njiani. Sasa unajua maji yanafanya nini kwenye mteremko.

Kazi ya fundi, macho yako

Kubadilisha mafuta na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua na kufunga kiskrubu cha kutolea upepo gurudumuni. Kitangi kinajazwa mapya kila mara kisikauke, la sivyo upepo unaingia na kazi inaanza upya. Kwa kawaida huanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Magari mengine yana utaratibu wake, hasa yenye breki za ABS, na fundi afuate maelekezo ya gari husika.

Si lazima ujue ufundi ili usimamie kazi hii. Nenda na chupa yako iliyofungwa. Omba mafuta yanayotoka yapite kwenye mpira mwangavu na kuingia kwenye chupa nyeupe, uyaone. Kila gurudumu litoe mafuta machafu mpaka yaanze kutoka masafi yasiyo na mapovu. Yaliyotoka yasirudishwe kwenye kitangi, hata yakionekana mazuri. Kama gari ni la gia za mkono, uliza pia kuhusu klachi, kwa sababu magari mengi klachi yake hutumia mafuta hayahaya.

Mwisho, kaa kwenye kiti cha dereva injini ikiwa inaunguruma, kanyaga pedali kwa nguvu na ushikilie kwa nusu dakika. Isimame juu, iwe ngumu, isizame taratibu. Ikizama, masta silinda au raba zake zina shida. Ikiwa laini kama sponji, upepo bado umo. Jaribio hili baba, mama au kijana wa nyumbani anaweza kulifanya kila Jumatatu kabla gari halijatoka.

Ya dereva mlimani

Mafuta mapya hayampi dereva ruhusa ya kushuka anavyotaka. Kanuni ya wazee wa barabara ya Kitonga bado ni sahihi: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia. Injini ikilishika gari, breki zinapumzika. Anayeweka fri ili abane mafuta anahamishia uzito wote kwenye breki. Anayezima injini kabisa ni mbaya zaidi, maana pedali nayo inapoteza msaada wa injini na kuwa nzito.

Pedali ikianza kulegea au kushuka kuliko kawaida, hiyo ndiyo onyo, na mara nyingi halitolewi mara ya pili. Dereva apige pedali haraka mara kadhaa, aingize gia ya chini, avute hendibreki kidogokidogo bila kuikaza kwa mkupuo, na atafute pa kusimama. Hendibreki ya magari mengi huvutwa kwa waya, kwa hiyo haitegemei mafuta hayo. Akishasimama, asiondoke kwa sababu tu pedali imekuwa ngumu tena. Breki zipoe kabisa, kisha gari liende taratibu kwa gia nzito mpaka gereji iliyo karibu.

Ni kazi ya nani?

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Gari limenunuliwa kwa mkopo wa VICOBA au SACCOS, mke ana duka, mume yuko kazini, dereva analeta hesabu. Dereva anaona matengenezo ni ya tajiri. Tajiri anaona dereva ndiye anayeshinda na gari, ataona mwenyewe kinachopungua. Tairi likiisha linaonekana. Oili ya injini ina tarehe yake inayojulikana. Mafuta ya breki hayaonekani, hayapigi kelele, na hayana mtu.

Yape mtu. Mnapokubaliana hesabu, kubalianeni pia kwamba mafuta ya breki hulipwa na mwenye gari mara moja kwa mwaka, siku hiyo haina hesabu, na dereva anakuwepo gereji. Kubalianeni pia kwamba dereva akisimama mlimani kwa sababu ya breki, hatakatwa. Dereva anayejua kwamba saa moja ya kupoza breki itakatwa kwenye mfuko wake atashuka hivyohivyo, na ndani ya gari kuna abiria, au kuna kondakta ambaye ni mtoto wa mtu.

Kumbukeni pia bima. Kama gari lina bima ndogo tu, likianguka hakuna atakayewalipa gari lenu, na marejesho ya mkopo yataendelea kila mwezi. Sheria ya Usalama Barabarani nayo haimwachi mwenye gari linaloingia barabarani likiwa bovu, na stika ya ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama haipimi maji yaliyomo kwenye mafuta.

Nyumbani, weka mbali chupa hiyo. Mafuta ya breki ni sumu yakinywewa, na mtoto hajui tofauti ya chupa ya soda yenye soda na yenye sumu. Yasihamishiwe kamwe kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto akinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe. Yakidondoka kwenye bodi ya gari, mwagieni maji mengi mara moja, kwani huvua rangi. Yaliyotumika yaachwe gereji kwenye chombo cha oili chafu, yasimwagwe mtaroni wala bustanini.

Kisha fanya kitu kimoja kidogo. Kata kipande cha plasta, andika tarehe mafuta yalipobadilishwa na kilomita za siku hiyo, kibandike chini ya boneti karibu na kitangi. Siku dereva akikupigia kutoka Kitonga kukuambia pedali imezama, swali lako la kwanza liwe kama yeye na abiria wako salama. La pili liwe tarehe iliyoandikwa kwenye kile kipande.